Golikipa Aliyekosekana Kwenye Kopo

Niseme mapema ili tuelewane: nililionea wivu kopo la biskuti. Si mwanamke. Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia. Kopo la bati, kifuniko chake kina farasi waliochubuka miguu, na ndani yake mlikaa picha kumi za wanaume waliovaa bukta.

Watu wa mji wetu wanazijua picha hizo. Miaka ile ya sitini, timu yetu ilipokuwa inamfunga kila aliyeshuka kwenye treni, mpiga picha mmoja wa karibu na stesheni aliwapiga wachezaji mmoja mmoja, akazichapa picha ndogo, saizi ya kiganja cha mtoto, akawa anaziuza getini siku za mechi. Huchagui. Unapewa bahasha iliyofungwa, unafungua, unamkuta beki yule yule uliye naye nyumbani, unasonya, unatafuta mtu wa kubadilishana naye. Wanafunzi walishinda na njaa kwa ajili ya zile bahasha. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikusanya kumi. Golikipa hakumpata.

Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa alipoitwa Sweden kwenye mafunzo ya ufundi. Kopo alilibeba mkononi, halikuingia hata kwenye sanduku. Picha yetu ya harusi aliiacha kwa mama yake, ati isije ikapinda njiani.

Miaka miwili nilikaa nikisubiri. Barua zilikuja, sisemi hazikuja. Mistari sita. Yeye hajambo, baridi ni kali, kazi inaendelea, salamu kwa wote. Nikajiambia ndivyo Mungu alivyomuumba, mtu asiye na maneno. Nikapiga picha ya pasipoti, nikampelekea nakala moja ndani ya barua, nikasubiri aseme chochote kuhusu uso wangu. Akajibu kwamba picha imefika.

Wiki yangu ya kwanza Tumba, kiunga cha Stockholm nilikomfuata, yeye yuko kazini, nje theluji imeziba hata njia ya kwenda stesheni, nililifungua lile kopo. Nilidhani nitakuta biskuti; nikakuta wachezaji kumi, golikipa hayumo. Nikamgeuza winga wa kushoto. Nyuma yake palikuwa pameandikwa mistari tisa, kwa mwandiko wa kulala, mwandiko wa mtu asiye na haraka. Mmoja ninao kichwani mpaka leo: "Akikimbia na mpira utadhani ana siri, na wa kumwambia yuko kwenye kibendera cha kona."

Nilikaa chini kabisa, kwenye sakafu. Kumbe maneno anayo! Anayo mengi, tena mazuri. Amempa winga.

Sasa niwaambie jambo ambalo yeye hakulijua. Golikipa nilikuwa naye mimi. Nilimnunua getini nikiwa kidato cha pili, kwa hela ya maandazi, bahasha ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Nilisafiri naye mpaka Stockholm ndani ya bahasha ya cheti changu cha shule. Nilipanga kumpa mume wangu siku hiyo hiyo akitoka kazini, iwe zawadi. Baada ya kumsoma winga, nikamrudisha golikipa kwenye cheti. Nikasema, ataniuliza mwenyewe. Siku atakayoniuliza kama na mimi niliipenda ile timu, nitampa. Ilikuwa kazi ya swali moja. Alikaa miaka mitatu bila kuuliza, na mimi nilikaa miaka mitatu bila kusema. Sijutii.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao. Rafiki yake mmoja, mtu wa mji wetu, alivuka jiji zima kwa treni kutoka Spånga. Mwingine alikuwa Mkenya wa kiwandani kwao, ambaye timu yetu hakuwahi kuiona hata siku moja lakini alishaikariri kama sala. Walivua viatu, wakanawa mikono kwa sabuni na kukausha mpaka katikati ya vidole, maana kopo haliguswi na mkono wenye mafuta. Kisha waliipanga timu kwenye zulia, mabeki wawili, watatu wa kati, watano mbele, na kuanza kuicheza fainali upya, dakika kwa dakika. Mafuta ya kwenye mikono yalikuwa yangu mimi, jikoni. Binti yetu alijifunza kusema "inte röra", usiguse, kabla hajajua kusema shikamoo.

Golini waliweka kadi waliyoikuta kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna, ya golikipa wa mpira wa magongo wa barafuni, kavaa kinyago na magodoro miguuni. Waliizoea. Halafu mtoto wetu wa pili, aliyekuwa anaota meno, akaitafuna ikaisha.

Jumamosi iliyofuata nikatoka jikoni na sahani ya chapati, nikamwona golikipa mpya. Ni mimi. Picha yangu ya pasipoti, nimetoa macho, kola imenibana shingo, nimesimamishwa nyuma ya mabeki wawili.

"Leo shemeji yuko golini," akasema yule wa Spånga.

"Basi tumekwisha," Mkenya akadakia. "Hizo ni kumi bila, bwana."

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Alipoona sicheki akasema, "Ni ya muda tu, mama watoto. Mpaka tupate nyingine."

Ya muda. Niliinama nikaigeuza. Nyuma palikuwa na mhuri wa studio, basi. Hata tarehe aliyoipokea hakuandika. Nikairudisha. Nilisimama pale na sahani yangu, na mume wangu akaanza kuisimulia penati.

Penati ile ndiyo ilikuwa kilele cha Jumamosi zao. Tunaongoza moja bila, dakika zimebaki chache, refa anawapa watu wa pwani penati. "Jua linawaka," mume wangu akasema, "mimi nimesimama hapa, karibu na kibendera. Kipa wetu anaruka kulia, anaudaka kwa mikono miwili, anaukumbatia kama mtoto."

Niliisikia hadithi hiyo miaka mitatu. Siku hiyo, nimetoka kujiona golini, sikuweza kuimeza.

"Aliokoa kwa goti," nikasema.

"Nini?"

"Goti. La kushoto. Wala hakuruka, aliteleza. Na jua halikuwaka, ilikuwa inanyesha, uwanja wote tope."

Yule wa Spånga akatabasamu kwa upole, ule upole wa kumtoa mtu mlangoni. "Shemeji, mambo ya mpira tuachie wenyewe. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya goli. Wewe je?"

"Mimi nilikuwa... mwaka ule nilikuwa nimeshahamia kwa mjomba."

"Wacha shemeji aongee," Mkenya akasema, ameacha kutafuna.

Nikaongea. Shule yetu ya wasichana ilipelekwa kuimba kabla ya mechi. Tulipomaliza tukakalishwa kwenye nyasi nyuma ya goli na ndoo yetu ya maji. Golikipa aliazima sweta ya njano ya mwalimu wetu wa michezo kwa sababu yake ilikuwa imelowa, ikamfika juu ya kitovu. Kabla ya penati aligeuka akaniomba maji, mimi, nikamchotea kwa kikombe. Akanywa, akanirudishia, akaenda kuokoa.

"Hadithi nzuri," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Nikaenda chumbani. Nikarudi na bahasha ya cheti, nikamtoa golikipa, nikamwinua juu wamwone wote watatu.

Mkenya alisema "Haiya!" Yule wa Spånga aliinuka, akaenda bafuni, tukasikia maji. Alikwenda kunawa mikono upya.

Mume wangu hakuinuka. Macho yalimjaa machozi, nawaambia, macho ya mwanaume aliyenipokea uwanja wa ndege kwa kuniuliza kama nimekuja na koti. Mkono wake wa kulia ukainyanyua picha yangu pale golini, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi. Wa kushoto ukanyooka kwangu upewe golikipa.

Ningeweza kusamehe mengi. Huo mkono wa kulia, hapana.

Binti yetu ndiye aliyenisaidia. Aliuona mkono wa baba yake unamkaribia golikipa, bado una mafuta ya chapati, akaupiga kofi. "Inte röra, pappa!"

"Umesikia," nikasema. Golikipa nikamtia kifuani, ndani ya blauzi. "Leo mnacheza kumi. Na watoto mnabaki nao."

Nikachukua kapu la nguo nikashuka. Zamu yetu ya chumba cha kufulia ilikuwa Jumamosi saa kumi, na zamu ya jengo letu haichezewi. Ukichelewa kutoka unakuta karatasi mlangoni, imeandikwa kwa adabu inayochoma. Mashuka yanavutwa na watu wawili kabla ya kupitishwa kwenye mashine ya kunyoosha. Kwa kawaida aliyenishikia ncha ya pili alikuwa jirani, bibi mmoja wa Kiswidi mwenye zamu baada yangu. Miaka mitatu mume wangu hakuwahi kukijua kile chumba kina rangi gani.

Siku hiyo alikuja. Bibi alikuwa ameshashika ncha. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akamkabidhi shuka, akaenda kukaa kwenye benchi na kapu lake.

"Vuta," nikasema.

Akavuta.

"Alikwambia nini?"

"Nani?"

"Kipa. Aliporudisha kikombe."

"Alisema asante, dada."

"Asante tu?"

"Asante, dada. Vuta, shuka linakunjamana."

Akavuta, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nusura linitoke. Hapo nikamwona vizuri. Mtu ana wivu! Ana wivu juu ya kikombe cha maji cha miaka kumi nyuma! Furaha niliyoipata sitaificha. Nikamwacha aive kidogo. Tukakunja shuka la kwanza, tukachukua la pili.

"Mimi sikuwepo," akasema.

Sikumwelewa mara moja.

"Siku ya fainali. Nilikuwa na mtihani kule chuo cha ufundi. Nilisikiliza redio, nimesimama nje ya duka, na mwenye duka aliizima kabla ya penati kwisha. Mengine nimeandikiwa na watu." Alikuwa anaongea na shuka. "Nilimwandikia kila mtu niliyemfahamu."

"Kurasa ngapi?"

"Nyingine nne, nyingine tano."

"Mimi mistari sita."

Akanyoosha upindo wa shuka. 

"Miaka mitatu umelala na mtu aliyekuwepo," nikamwambia. "Ungeniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Nikamwambia "vuta," na nikamsimulia. Sikumsimulia kwa upendo, niseme ukweli, nilimsimulia kwa hasira, kila kitu, tope, sweta, mpira ulivyogonga goti ukalia kama mlango, wasichana tulivyomwaga ndoo nzima ya maji tukiruka. Mashuka manne yakaisha, na foronya ambazo hazihitaji watu wawili. Bibi alikuwa anaitazama saa ya ukutani, lakini alibaki benchini.

Mwisho alitoa kalamu mfukoni mwa shati, na nyuma ya kalamu ikatoka picha yangu ya pasipoti. Aliiegemeza kwenye mashine iliyokuwa bado ya moto, akaandika kitu nyuma, akanipa. Akabeba kapu juu.

Siku hizi golikipa anakaa kwenye cheti changu. Jumamosi anatoka, nikitaka, na mimi nikiwa nimekaa zuliani na mikono safi. Chapati anakaanga yule wa Spånga, anaziunguza. Penati naisimulia mimi. Picha yangu inakaa kwenye kopo, juu ya wote, na wakiwa kazini nalifungua nikaigeuza tena.

"Alikuwepo. Mimi sikuwepo."

Maneno matatu. Winga wa kushoto bado ana mistari tisa.