Wiki ya Saba ya Taa Nyekundu

Mwalimu wetu wa fizikia alirudi kutoka masomoni ng'ambo na taa mbili ndogo kuliko punje ya mahindi. Alizibeba kwenye kiberiti, zimelazwa juu ya pamba kama meno ya mtoto. Zilikuwa nyekundu. Alisema zinaitwa LED, na kwamba ndani yake hamna waya wa kuungua kama kwenye glopu.

"Glopu inakufa ghafla," alisema. "Hii haifi, inachoka. Vitabu vinasema itachoka polepole mpaka wewe na mimi tuchoke kwanza. Nani anataka kuhakikisha?"

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba, nikiwa kidato cha tatu kwenye shule ya bweni ya wasichana, Iringa. Mimi sinyooshi mkono darasani. Nikijua jibu naliandika kwenye dayari usiku, basi, limetoka. Mwenzangu wa dawati alinyoosha wake, kisha akaushika wangu akaunyanyua pia. Darasa lilicheka.

"Tunataka, mwalimu. Mimi na huyu bubu wangu."

Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Iringa mjini, watu wenye asili ya pwani. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama mlenda, na Kiingereza chake vilevile. Kiswahili changu mimi nilikikuta shuleni. Nyumbani kwetu, bondeni Usangu, tunaongea Kisukuma. Baba alihamia kule na ng'ombe wake nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Mwalimu alitupa stoo ya maabara na sheria moja. "Namba ukiikosa, acha pengo. Atakayebuni namba atatoka kwenye klabu ya sayansi siku hiyohiyo, na karatasi nitaichana mbele ya macho yake." Hakuwa mtu wa matani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Taa moja tuliiwasha mchana na usiku kwa betri ya gari, tukaipa umeme mwingi kuliko unaotakiwa ili izeeke haraka. Nyingine ililala kwenye kiberiti chake. Kila Jumamosi baada ya usafi niliziba dirisha la stoo kwa magunia, nikaziwasha zote mbili kwa umeme sawasawa, moja kila mwisho wa rula ya sentimita thelathini. Katikati nilisimamisha kipande cha karatasi chenye doa la mafuta. Doa hilo, upande mmoja ukizidiwa mwanga, linaonekana. Mwanga ukiwa sawa pande zote mbili, linapotea kabisa. Basi unaisogeza karatasi mpaka doa lipotee, unasoma rula.

Jumamosi ya kwanza doa lilipotea kwenye 15, katikati barabara. Ya pili, kabla kidogo ya 15, upande wa ile inayowaka wiki nzima. Karatasi ilikuwa inaifuata taa iliyochoka, kama mtu anayesogeza kiti karibu na mgonjwa ili amsikie.

Mafuta yenyewe yalikuwa samli ya kwetu. Sikuwa na mengine. Lakini Juni na Julai Iringa ni baridi ya kukata masikio, samli inaganda inakuwa nyeupe, na doa halipotei hata ufanye nini. Nikagundua dawa: nailaza karatasi kwapani mpaka samli iyeyuke, ndipo napima harakaharaka. Mwenzangu aliponiona alikaa chini kwa kicheko.

"Jamani! Sayansi ya kwapa! Msukuma wewe, utamuua mwalimu."

Alikuja Jumamosi mbili tu. Zilizobaki aliomba ruhusa ya kwenda kwao mjini, kwa sababu kwao ni hapahapa. Sikumlaumu. Niseme ukweli, nilipenda kuwa peke yangu gizani na vile vitu viwili vyekundu. Nilikuwa naviongelesha.

Jumamosi ya saba Baba alikuja. Hakuwahi kuja kabla. Alisimama getini na blanketi begani na kopo la samli, akaniita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, "Mayu! Mayu!", yaani mama, ndivyo anavyoniita nyumbani. Wasichana dirishani wakamwiga, "Mayu! Samli imefika!" Nilikaa naye kwenye nyasi hadi muda wa wageni ulipoisha. Sehemu ya muda huo niliona haya, na haya hiyo inaniuma kuliko yote mengine ninayoyaandika hapa. Nilipokimbilia stoo, ufunguo ulikuwa umesharudishwa ofisini.

Ningeacha pengo. Lakini wiki ya nane nilipopima na kuona safu yangu ya namba inashuka vizuri vile, pengo lile lilikuwa kama jino lililong'oka. Wiki ya sita ilikuwa 13.9, ya nane 13.5. Nikaandika 13.7. Usiku niliandika kwenye dayari: leo nimedanganya.

Baada ya wiki kumi taa ilikuwa imepoteza mwanga mwingi, ingawa bado inawaka, na vitabu vya mwalimu vilikuwa vimeahidi kwamba ingedumu zaidi ya hapo. Ripoti niliiandika kwa penseli kwenye makaratasi ya nyuma ya daftari. Shuleni kwetu desturi ni kwamba kazi ya kupelekwa nje inanakiliwa na mwenye mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri wa kidato cha tatu ulikuwa wa mwenzangu. Nikampa. Alikaa nayo siku mbili, akanyoosha na Kiingereza changu cha kuunga-unga. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba taa inachoka. Yeye aliandika sentensi ndefu yenye vituo, na ilikuwa nzuri kuliko yangu. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika jina moja, lake. Makaratasi yangu ya penseli mpishi alikwisha kuwashia moto.

Jumatatu, kwenye paredi, mwalimu alitangaza kwamba ripoti ya taa itakwenda kwenye maonyesho ya sayansi Mbeya, na mwandishi wake atakwenda nayo. Akamtaja. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Bwenini nilimwuliza, sauti yangu ikiwa chini kama ya mtu aliyeiba.

"Jina langu liko wapi?"

"Shoga, mimi ndiye niliyeandika," alisema, na aliamini. "Wewe umepima. Kupima ni kupima, kuandika ni kuandika. Ile ripoti ukiisoma, kuna sentensi yako humo?"

Kulikuwa na namba zangu, lakini namba haina mwandiko.

Na mimi nilikuwa nimeshamwandikia Baba barua kwamba ripoti ikichaguliwa nitapita Igawa, kituo cha karibu na kwetu, kwa basi siku ya maonyesho, aje barabarani anione.

Siku tatu sikula vizuri. Ushahidi nilikuwa nao, dayari. Kila Jumamosi imo. Lakini imo pia Jumamosi ya saba, na yale maneno mawili. Nikichana ukurasa, nitakuwa nimebuni mara ya pili. Siku ya nne nikapenyeza kikaratasi chini ya mlango wa ofisi ya mwalimu: Mwalimu, taa niliipima mimi. Sikutia hata jina.

Alituita wote wawili stoo. Magunia yalikuwa yamekwisha kuwekwa dirishani. Aliweka rula, akaweka karatasi mezani, akamwambia mwenzangu, "Pima."

Nilijua samli imeganda. Nikajisemea, sasa ataonekana. Mwenzangu akaichukua karatasi, akatabasamu, akaitia kwapani.

Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuniona. Alipima vizuri, akataja namba. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaniambia nipime na mimi. Nikapata ileile.

"Wote mnajua," alisema. Akafungua ripoti chini ya tochi. Kisha akamsogezea mwenzangu ukurasa wa namba. "Kuna namba kumi hapa. Ipi huiamini?"

"Zote ni sahihi, mwalimu. Nilizikagua mara mbili."

"Na wewe?"

Kwenye giza lile nilisikia mwenzangu anapumua. Nilimwona mwalimu ameshika ukurasa kwa mikono miwili, juu, namna mtu anavyoshika karatasi anayotaka kuichana. Nilifikiria Igawa. Ningeweza kusema zote ni sahihi, tukawa sawa, na labda majina yakaandikwa mawili.

"Ya saba," nilisema. "Ya saba haikupimwa. Baba alikuja. Niliibuni."

"We!" mwenzangu alisema, si kwa hasira, kwa mshangao. "Mbona hukuniambia?"

Mwalimu hakuichana. Alitoa kalamu, akaipiga mstari ile 13.7, akaacha nafasi tupu. Akakata jina la juu, akaandika langu. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika kwamba aliyenakili na kusahihisha lugha ni mwenzangu, kwa jina lake.

"Aliyeandika ndiye anayejua uongo uko wapi," alisema. Halafu, bila kuniangalia, "Lakini sheria ni sheria. Kwenye klabu umetoka. Mbeya itakwenda karatasi. Huyu mwenzako ataisoma."

Nilimwandikia Baba barua nyingine siku hiyo, asije barabarani. Barua za Usangu zinajua mwendo wake zenyewe.

Mwenzangu alipanda basi Ipogolo alfajiri ya Ijumaa, bahasha kifuani. Alirudi Jumatatu, akaja moja kwa moja kitandani kwangu na viatu vyake. Mikononi alikuwa na kopo.

"Igawa," alisema, "basi limesimama, watu wananunua mahindi. Naona mzee mwenye blanketi anapita dirisha kwa dirisha, anachungulia. Anaita Mayu. Nikajua tu."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Aliuliza, 'Mwanangu yuko wapi?' Nikamtolea ile ripoti, nikamwonyesha jina. Akaweka kidole juu yake. Baba yako hajui kusoma, eh? Akauliza kama ndilo hilo kweli. Nikamwambia ndilo, mzee. Akafunua ukurasa wa namba, akauliza, mbona hapa wameacha tundu?"

"Ukasema?"

"Nikasema, siku hiyo ulikuwa umekuja kumwona."

Aliniwekea kopo mapajani. Samli ilikuwa imeganda, nyeupe hadi juu. Sikujua nimtazame yeye au nitazame kopo, kwa hiyo nikalifunika kwa blanketi, lipate joto.