Sahani ya Bibi na Watu Wanne Weusi

Kila ninaponusa hina mbichi, hata hapa Nizwa, Omani, ninapoishi sasa, narudi nyumbani kwa Bibi kule Ibra, mikono imechafuka.

Bibi, mzaa baba, alitoka Unguja na sahani moja ya kaure, akaiweka kwenye shubaka la ukutani, katika chumba alichokuwa akiswalia. Ilikuwa ya rangi ya tofali, na juu yake walichorwa wanaume wanne weusi wenye mikuki na pua zilizochongoka. Nguo, nakwambieni kweli, hawakuwa nazo hata kitambaa. Sisi watoto tuliwapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Ami, mdogo wake baba, hakuwapenda. Wiki ya Idi alisimama mlangoni akasema, "Ya ummi, mama yangu, picha za watu chumba cha kuswalia haijuzu. Wallahi, nikiikuta Ijumaa naivunja."

"Sahani haitoki," Bibi akamjibu, akaendelea kukoroga hina yake.

Nilikuwa na miaka saba, na niliazimia kuwa haitavunjwa. Kwa akili yangu, tatizo lilikuwa uchi. Bibi alipokwenda kutia udhu niliiteremsha, nikachota hina, nikawavisha wote kanzu hadi miguuni, kisha nikaificha sahani chini ya kitanda ili hina ikolee. Ijumaa asubuhi nikaiosha, na kanzu zote zikaenda na maji. Nililia mpaka Bibi akaja.

Hakunigombeza. Alimwita Ami, akaketi, akaipakata sahani, na kwa ncha ya kisu akawakwangua shingo wale watu, mmoja mmoja, mpaka rangi ikatoka.

"Picha iliyokatwa kichwa si picha tena, wewe mwenyewe ulinisomea hivyo kitabuni. Haya, inabaki, haibaki?"

Ami aliinama. "Inabaki, ya ummi."

Nilimkasirikia Bibi kwa miaka. Niliona ameshindwa.

Mwaka huu nilimwonyesha mjuzi wa vyombo vya kale sahani ile, ambayo sasa ninayo mimi. Aliigeuza, akaona alama ya taji, akasema imetoka kiwanda cha wafalme wa Urusi, kilichoiga vyungu vya Wayunani wa kale vilivyochorwa watu weusi. Kisha akauliza, kwa uchungu, ni mjinga gani aliyeikwangua.

Nilipandwa na hasira. Baba alikwishaniambia kuwa sahani ile ndicho kitu pekee cha mama yake Bibi kilichosalia. Siku ile Bibi angeweza kuipoteza sahani au kumpoteza mwanawe, naye alikataa yote mawili.

"Ni bibi yangu," nikamjibu, nikaichukua sahani yetu mikononi mwake.