Maharage Yanayopenda Baridi

Bibi yangu ameishi Ulyankulu zaidi ya nusu karne, kwenye ardhi tambarare kama mkeka, lakini bado huniambia, "Panda juu kwa jirani ukaombe chumvi." Jirani huyo, mama wa Kinyamwezi mwenye utani, humuuliza, "Juu wapi, bibi? Mbona mimi nikija kwako siteremki?"

Bibi alizaliwa Burundi, kwenye safu ya milima inayogawa mvua: tone likianguka upande mmoja huenda Naili, upande wa pili huenda Kongo. Alipokimbia machafuko ya huko alibeba mbegu za mama yake, maharage yanayopanda mitini. Joto letu halikuyafaa. Yalitoa maua, maua yakapukutika. Kila msimu aliyapanda kivulini kando ya kisima, akavuna pungufu ya alichopanda, mpaka zikabaki punje za kujaa kiganja.

"Yakifa haya," aliniambia, "sina tena kitu cha mama."

Nikayachukua niende nayo kwao Burundi. Basi lilielekea magharibi, kule misafara ya zamani ilikopita, miyombo mitupu hadi macho yanachoka. Nilivuka mpaka, nikapanda pikipiki, na barabara ikaanza kujizungusha. Ukungu, chai, mianzi, kisha msitu mweusi wenye kudondosha maji. Mpwa wa bibi, mama wa makamo, alinipokea kwa blanketi. Alinionyesha aina ya mti uliochongewa ngoma za wafalme, akaniambia msitu ule hawaugusi, maana chemchemi zao zote huanzia humo.

Nilikuwa nimekuja kuomba mbegu zaidi za aina ile. Nilipomfungulia kitambaa nilichofungia punje za bibi, akakaa chini. Maharage haya, alisema, waliyapoteza miaka ya vita. Wao sasa hupanda ya dukani. Zile punje zangu ndizo zilizosalia.

Kwao mbegu adimu haipandwi shamba moja. Alizigawa: nusu mteremko wake, nusu kwa jirani aliye chini zaidi, mvua ya mawe ikija isimalize zote.

Miezi minne baadaye, nikiwa nimesharudi kwa bibi, mpwa wake akapiga simu. Yamezaa mpaka miti imeinama.

"Msile," bibi alisema. "Msile hata punje."

"Mama mdogo, tumeshaonja chungu kimoja."

Bibi akaishika simu kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika.

"Mliyapika na nini?"

"Na ndizi."

"Haya," alisema, akifuta macho kwa khanga. "Hapo hata mama angewasamehe."