Pipa Lililotoka Asali

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na asali mimi naijua, na sidhani kama wengi wanaijua. Inaanza tamu puani, halafu inakwama kooni. Niliinusa siku moja tu, nikiwa na miaka kumi, na mpaka leo mtu akiniletea zawadi ya asali namshukuru, akishaondoka nampa jirani.

Kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa ng'ambo ya Igalula, kwenye mchanga wa njia ya zamani ya misafara. Tulikuwa na lori moja la dizeli, kuukuu, na baba yangu, Mzee Shabani, ndiye dereva na ndiye fundi. Spea hazikuwepo. Tangi likitoboka alisugua sabuni ya mche mpaka tundu likaziba. Gasketi alikata kwenye boksi gumu. Mwenzake kazini nilikuwa mimi binti yake, kwa sababu mkono wangu ulipita pale wake ulipogoma. Lori likiingiza upepo kwenye dizeli na kuzima, yeye alilegeza skrubu, mimi nikasukuma pampu ya mkono, povu likatoka, tukatazama mpaka dizeli ije safi. Wanaume juu ya magunia ya tumbaku walinitania: "Bi fundi, na mikono hiyo atakuoa nani?" Baba akawajibu, "Mwenye gari bovu."

Sasa nawataja wenye kosa. Wa kwanza ni Masudi Kapaya, mtunza ghala. Pipa safi la dizeli alilihamishia kwake apikie pombe, na dizeli ya kijiji akaimimina kwenye pipa lililotoka asali, bila kuliosha. Nilimwona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimepenya ghalani kulamba nta iliyoganda mdomoni mwa pipa hilo hilo. Alinishika sikio. "Ukithubutu kusema ulikuwa humu, nitamwambia baba yako amezaa mwizi wa mali ya kijiji." Wa pili ni mwenyekiti wetu, Lugembe, aliyekunywa pombe ile akijua pipa limetoka wapi. Kesho yake Masudi alijaza tangi la lori yeye mwenyewe, kwa madumu. Nilimtazama nikanyamaza.

Siku ya pili yake, alfajiri, mama akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amelala vibaya, na shangazi Kalunde, mkunga wetu, akasema hapa hapana kazi yangu, mpelekeni hospitali ya Kitete. Tukamlaza kwenye nyasi ndani ya bodi. Hatukufika mbali, lori likakohoa, likazima. Baba akasema ni upepo. Akakaza nati ya bomba linalotoka kwenye tangi, nikapampu, likawaka, likaenda kidogo, likazima tena.

"Shabani, lori lako linataka dizeli au linataka tambiko?" shangazi alifoka kutoka juu.

"Mwaju, fungua chujio," baba akaniambia. "Angalia kama kuna uchafu."

Nilifungua. Nta ya manjano ilikuwa imeganda kote, na ile harufu ikanipanda. Ningesema neno moja tu. Lakini nilisikia sikio langu likiuma, nikaifuta nta kwa upindo wa gauni. "Hamna, baba." Basi lori likaenda tena kidogo, likazima, nami nikafuta tena, mara tatu nzima, na baba akirudi kila mara kwenye nati yake, akiikaza mpaka mikono inatoka damu. Juu kule mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwaju, limewaka?" Nikamjibu, "Linawaka, mama."

Jua lilipopita utosini baba akaachana na tangi. Alikuwa na dumu moja la dizeli safi, la kuoshea vyuma. Alilifunga juu ya kichwa cha lori, akashusha mpira mpaka kwenye pampu, na lori likaenda bila kukohoa hata mara moja mpaka Kitete. Kumbe dawa ilikuwepo tangu asubuhi. Mtoto alitolewa hai. Mama alikuwa ameishiwa damu njiani, na alasiri ile ile akafariki.

Lori liliporudi kijijini, Masudi aliosha tangi kwa mikono yake, watu wakamsifu kwa kumsaidia mfiwa. Baba akasema nati ile ndiyo iliyomwua mke wake, kwa kuwa alipoiruka kwa ule mpira lori lilipona. Akakabidhi ufunguo wa lori, akalima tumbaku mpaka akafa, na hakugusa spana tena. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia. Masudi alizikwa kabla yake, kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa namwogopa Masudi.

Leo ni lami mpaka mjini, na malori mapya yakiugua yanasomwa kwa kompyuta. Mdogo wangu Ramadhani, yule mtoto wa siku ile, ni dereva wa lori la Kaliua. Bado anatembea na spana ya baba, na kila asubuhi anaikaza nati ya bomba la tangi mara tatu, akiwaambia mataniboi wake, "Baba yangu alizembea hapa, mama akafa." Nimeishia darasa la nne, mwandiko wangu ni mbaya, lakini hapa soma taratibu, Rama. Baba hakuzembea. Nati ilikuwa imekaza.