Mate kwa Mti wa Kakamega

Juzi kina mama wa kanisa letu hapa Noonkopir tuliingia msitu wa Kakamega, tukipiga kelele kama wasichana. Tulipofika kwa mti mnene kuliko choo changu, jirani yangu Mmaasai akausogelea, akautemea mate, pu!

Askari wa msitu akaruka. "Mama! Mkichafua hapa mnarudi getini, wote!"

Na hatujaona hata tumbili mmoja!

"Nani amechafua? Nimeubariki," jirani akamjibu. "Kwetu mate ni baraka, na kiangazi imemaliza ng'ombe. Niko na mate tu, na nimeupea huu mti."

Askari akavua kofia, akainamisha kichwa. "Basi na mimi, mama. Jumatatu niko na intavyu ya cheo."

Akatemewa usoni vizuri. Wengine hupanda cheo kwa kujipendekeza. Huyu alitegemea mate; alituonyesha tumbili mpaka shingo zikatuuma, uso wake haujapanguswa.