Rangi ya Fedha kwenye Silinda ya Tatu

Nikiona injini inang'aa, hushikwa na kinyaa. Wenzangu huisifu, huipiga picha, mimi hutafuta pa kutema mate. Ugonjwa huu niliupata mwaka 1969 kwenye uwanja wa ndege wa Bait al Falaj, Maskati, na ulianza na Marhoon, fundi wa injini.

Marhoon alikuwa mtu wa Unguja kama mimi. Baada ya mapinduzi alifika Maskati na mkewe Rahila, sanduku moja la nguo na jingine la spana. Kule Unguja alikuwa fundi wa ndege ndogo; mimi nilikuwa napaka rangi magari, Darajani. Kampuni iliyotuajiri, ambayo ilikufa zamani, ilikuwa na ndege moja tu ya kupeleka watu kwenye kambi za ng'ambo ya milima. Injini yake ilikuwa na silinda nne zilizolala, mbili kushoto, mbili kulia. Kila silinda ilizungukwa na mapezi membamba, na upepo ukipita katikati yake ndio uliopoza injini. Maji hayakuwemo kabisa.

Marhoon hakuwa mtu wa kupendeza. Mkali, mchache wa maneno, salamu yenyewe anaitoa kama anang'olewa jino. Lakini kila Alkhamisi aliiosha injini mpaka ikabaki uchi, akaipaka mafuta ya taa, akayafuta, kisha akanyunyizia unga wa mchele aliouchota jikoni kwa Rahila. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka tena na kuulowesha unga. Rahila alilalamika kwamba vitumbua vyake vinaliwa na ndege.

Mwezi wa sita Marhoon alishikwa na homa. Wiki hiyo hiyo meneja, Mwingereza aliyefuta viatu vyake mara tatu kwa siku, akaniita. Jumamosi watasafiri wageni wakubwa, naye anataka wafunuliwe injini waione inameremeta. Ile rangi ya kijivu ya kiwandani, nyepesi kama utando, ilimtia aibu. Nikanunua sokoni Matrah kopo la rangi ya fedha ya maboti, nikaipaka injini kama ninavyopaka gari: mikono mitatu ya rangi, mmoja juu ya mwingine, mizito, mpaka mapezi yakaanza kushikana. Nilijiona bingwa.

Jumamosi asubuhi Marhoon akaja, macho bado mekundu kwa homa. Akasimama mbele ya injini, akakunja pua.

"Nani kaichafua hii?"

"Kaichafua? Nimeipendezesha, yakhe."

"Umeivisha blanketi, Majid. Maskati hii, mwezi wa sita, umeivisha blanketi! Na silinda ya tatu nna shaka nayo tokea wiki iliyopita. Sasa ntaionaje?"

Meneja akamletea kitabu atie saini kwamba ndege ni salama. Bila saini yake isingeruka. Wageni walikuwa wamekaa kivulini, mikoba magotini, na rubani ameshavaa kofia. Marhoon hakukigusa kitabu. Alichukua kitambaa na thina ya kuyeyusha rangi, akaikwangua rangi yangu kwenye silinda ya tatu, akapaka mafuta ya taa, akafuta, akatoa mfukoni kifurushi cha unga. Tukangoja. Meneja alitazama saa yake mara nne.

Pale penye tundu la plagi ukatokea mstari mwembamba uliolowa, ukateremka mpaka kwenye shina la pezi. Rubani akaugusa kwa kidole, akavua kofia, akawaambia wageni kwamba leo hakuna safari.

Mchana ule ule Marhoon alifukuzwa. Alibeba sanduku lake la spana peke yake mpaka getini, na sote tuliokuwepo tukajifanya tuna kazi. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Brashi ilikuwa mkononi mwangu.

Rubani naye akaacha kazi, akarudi kwao. Siku ya kumi baada ya hapo meneja akaniambia nifute unga na nipake upya, kwa kuwa ndege inauzwa na wanakuja wanunuzi kutoka nje. Silinda haikubadilishwa. Nilijua, wallahi nilijua, na linalonitia kinyaa zaidi ni kwamba nilipaka vizuri kuliko mara ya kwanza. Niliuziba ule mstari kwa ncha ya brashi, taratibu, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama unaonekana. Wanunuzi waliinama, wakaona inavyong'aa, wakacheka kwa furaha. Wakaondoka na ndege. Sikuuliza wanakwenda wapi.

Kesho yake Marhoon alikuja kwangu. Alishapata kazi ya kutengeneza Landrova, amejaa grisi mpaka viwikoni. Mke wangu Nasriya akatuletea halwa na kahawa.

"Nasikia ndege imeuzwa," akasema. "Silinda ya tatu waliibadilisha?"

"Waliibadilisha," nikamjibu, huku nikimmiminia.

Hakuitazama kahawa. Aliitazama mikono yangu. Rangi ya fedha ilikuwa imejaa kwenye kucha zote kumi.

Akaipokea finjani, akanywa funda moja, akaitikisa kama anavyoitikisa mtu wa Maskati aliyetosheka. Halafu akamuaga Nasriya, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka bila kunipa mkono.