Mama Valary wa Stesheni ya Kibera

Awiti alianza kuuza omena, dagaa wa ziwani, kando ya reli, hapo stesheni ya Kibera, binti yake Valary akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Abiria waliorudi jioni kutoka taoni walimjua kwa kicheko chake. Halafu masikio yakaanza kumwacha. Lilianza la kulia, likafuata la kushoto, mpaka honi ya treni ikawa kama mtu anayenong'ona chini ya blanketi. Hakumwambia mtu. Aliogopa wateja watamhurumia, au watamhama.

Aliyegundua ni Mabrouka, ambaye wengi walimwita Mama Sabah, Mnubi aliyeuza chai na mandazi meza ya pili. Siku moja treni ilikuwa inaingia, na Awiti ameinama relini akizoa omena zilizomwagika. Mabrouka alimvuta kwa leso hadi wote wawili wakaanguka.

"Mama Valary, kwani husikii?"

Awiti alimwangalia midomo, akaelewa, akaanza kulia.

"Wacha kulia. Mimi nitakusikilizia. Na sitasema kwa mtu."

Kuanzia hapo, treni ikikaribia, Mabrouka alimgusa bega. Mteja akiuliza kitu, alimwonyesha kwa vidole. Hata mwezi wa Ramadhani, biashara yake ya mchana ikiwa imefungwa, alikuja akakaa pale na kiu yake.

Sukari ndiyo iliyomchukua Mabrouka. Wiki hiyo Awiti alikuwa Kawangware kwa Valary, aliyekuwa amejifungua. Jumatatu aliporudi stesheni alikuta meza ya chai haina mtu. Boaz, mkata tiketi, alimsogelea.

"Mama Sabah alituacha Ijumaa. Walimzika jioni hiyo hiyo."

Awiti alidhani amesoma midomo vibaya. Akamwambia arudie. Boaz akarudia. Alipomwomba tena, Boaz alimwonyesha kwa kidole ile meza tupu.

Alienda hadi kwa kina Mabrouka na mavumbi ya omena mikononi. Sabah, binti wa marehemu, alimfungulia mlango bila kumkaribisha.

"Nilikupigia simu, auntie. Nilipiga na kupiga. Mama alikuwa anakuuliza."

"Sabah, mimi sisikii. Miaka sasa. Mama yako ndiye alikuwa masikio yangu."

Sabah alishika mdomo. "Hakuwahi kuniambia! Sisi tulisema umekataa kuja."

Walikaa chini sebuleni, wakashikana, wakalia. Awiti hakusikia kilio cha Sabah, alikisikia tu kifuani mwake, kikitetemeka.

Alijaribu kuendelea pale stesheni. Lakini kila mara aligeuka nyuma kuangalia reli, hata akasahau wateja waliosimama mbele yake, na siku moja abiria asiyemjua alimvuta kutoka relini treni ikiwa imefika kabisa. Jioni hiyo alikunja gunia lake.

Siku hizi yuko kwenye stendi ya Kawangware 56, karibu na saluni. Biashara ni ngumu. Watu humwita kutoka nyuma, akikosa kugeuka wanasema huyo mama wa omena ana maringo, wanavuka kwenda kwa mwingine. Valary, ambaye sasa anajua, humsihi amweleze angalau jirani yake, Nekoye, anayeuza mboga.

"Ni mama mzuri, mum. Atakusaidia."

"Najua ni mzuri," Awiti humjibu, akipepeta omena. "Lakini bado. Niache kidogo."